Mume wangu alikubali kutoa kipande cha ini, sasa hapokei simu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, naishi Tanga mjini, kazi yangu ni ushonaji, nashonea nyumbani. Mume wangu ni dereva wa roli, anapakia bandarini Dar mpaka Lubumbashi, na safari moja inaweza kula wiki tatu ikitegemea foleni ya Tunduma. Tuna watoto wawili wa kiume. Mkubwa yuko darasa la pili, hana tatizo. Nakuandikia kwa sababu ya huyu mdogo.

Alizaliwa na kilo tatu na robo, akalia vizuri, akanyonya. Siku ya nne macho yakawa ya njano. Zahanati wakaniambia ni manjano ya kawaida ya watoto wachanga, nimuote jua la asubuhi. Nikawa namtoa kila siku saa moja. Wiki ya tatu bado, nikaambiwa ni maziwa yangu, wapo watoto maziwa ya mama huwafanya hivyo na yataisha yenyewe. Wakati huo mimi nilikuwa naona kitu ambacho sikujua kama ni cha kusema. Choo chake kilikuwa cheupe, Shangazi. Cheupe kabisa, kama ugali wa sembe uliolala. Na mkojo wake ulikuwa unatia rangi vitambaa, nafua kwa jiki, naanika, ile rangi ya chai ya rangi iko palepale. Majirani wakaanza kumwita mtoto wa binzari, nikacheka nao.

Alipofika miezi mitatu na nusu tumbo likaanza kujaa. Hapo ndipo tukapewa rufaa mpaka Dar. Wakampima damu, wakampiga picha, wakachukua kinyama kidogo cha ini kwa sindano. Daktari alituchorea nyuma ya fomu: ini, kifuko cha nyongo, utumbo, na kimrija katikati. Kisha akakikatakata kile kimrija kwa kalamu mara tatu. Akasema mtoto wetu amezaliwa hivyo, mirija ya nyongo imeziba, nyongo haina pa kupita, inarudi inalichoma ini lenyewe. Akasema upo upasuaji wa kuunganisha ini na utumbo lakini kwa umri aliofika na makovu aliyoyaona, hautamsaidia. Kilichobaki ni kumpandikizia ini, na kwa hilo tungekwenda India. Ini lenyewe linatoka kwa mtu mzima aliye hai, wanakata kipande tu.

Mume wangu alisema palepale, mbele ya daktari, "Chukueni langu." Mtoto ni kundi O, yeye O, mimi A. Nililia kwa furaha kwenye daladala mpaka kondakta akaniuliza kama nimefiwa.

Alipokwenda Korogwe kumweleza mama yake, mambo yakageuka. Mama mkwe amesema mwanawe hachinjwi akiwa mzima. Kiungo ni amana ya Mungu, anayetoa amana ya watu ni mwizi. Amesema wale wa huko wanafanyia watoto wetu majaribio. Na amesema maneno mengine kuhusu mimba yangu na vitu nilivyokula, ambayo siyaandiki. Tangu hapo mume wangu akiwa safarini hapokei simu, akipokea anauliza "mtoto anaendeleaje", nikianza habari ya India mtandao unakatika. Ni mwezi wa pili sasa.

Mdogo wangu wa kike, ana miaka 23, anakaa kwangu na anasoma chuo, naye ni O. Ameniambia, "Dada, mwache shemeji, nitatoa mimi." Hajaolewa, hajazaa.

Makadirio tuliyopewa ni kama shilingi milioni 80 bila nauli na chumba. Tuna kiwanja Kange, na ndugu wanasema tuanze michango. Mtoto sasa ana miezi saba na kilo sita. Usiku anajikuna mpaka anatoka damu, namvalisha soksi mikononi.

Nimlazimishe mume wangu? Nimpeleke mdogo wangu? Niuze kiwanja? Na lingine, ambalo sijamwambia mtu: kuna usiku namwangalia nasema moyoni, Mungu kama ni wako mchukue tu upesi. Halafu asubuhi namuogesha nikiona aibu.

Mama wa Soksi, Tanga

—

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na simu sikioni, namsomea daktari wa watoto ambaye kazi yake ni ini, maana humu mna mambo ambayo mvi peke yake haziwezi kuyajibu. Nitachanganya yake na yangu, utajua yapi ya nani.

Naanza na hayo maneno ambayo hukuyaandika. Ugonjwa huu hautokani na ulichokula, wala dawa, wala jicho la mtu. Madaktari wenyewe hawajamaliza kuelewa kwa nini mirija ya nyongo ya mtoto huziba au hukosa kabisa, na sehemu nyingi za dunia humpata mtoto mmoja kati ya 10,000 hadi 20,000. Ni nadra sana kurudia katika nyumba moja, kwa hiyo mkubwa wako mwache acheze. Na majirani wakikutajia "homa ya manjano", huo ni ugonjwa mwingine kabisa, wa mbu, haumhusu mwanao.

Na macho yako yaliona sawasawa. Kinachokipa choo rangi ni nyongo. Isipofika utumboni, choo kinakuwa cheupe, na ile rangi iliyokosa njia inatokea kwenye mkojo, ndiyo maana jiki yako ilishindwa. Taiwan walilitambua hili wakatengeneza kadi yenye picha za rangi za choo, mama anapewa pamoja na daftari la kliniki, analinganisha nepi na picha. Walianza kwa majaribio mwaka 2002 na kufikia 2004 ikawa nchi nzima. Hawakununua mashine mpya kwa hilo, waliamua kumsikiliza mama aliyeshika nepi. Nalisema kwa ajili ya wengine wanaosoma hapa: mtoto akipita wiki mbili bado ana manjano, usikubali kurudishwa nyumbani kuota jua kabla hajapimwa damu ya kuonyesha ni manjano ya aina gani. Ule upasuaji wa kuunganisha ini na utumbo, ambao Mjapani Morio Kasai aliuchapisha mwaka 1959, hufanya vizuri mtoto akiwa hajafika siku 60. Wewe ulifikishwa kwa wenye kujua umechelewa, na aliyechelewesha si wewe. Hilo likishasemwa tuliache hapo, halimrudishii mtoto siku zake.

Sasa hilo la majaribio. Mama mkwe wako angelisema mwaka 1963 angekuwa na haki. Mwaka huo, mjini Denver, Marekani, Thomas Starzl alijaribu kwa mara ya kwanza kumpandikizia binadamu ini. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka mitatu mwenye ugonjwa huuhuu wa mwanao, na alifia mezani. Ilichukua miaka mingi na vifo vingi kabla ya kazi hiyo kutulia. Kukata kipande kwa mzazi aliye hai kulikuja mwishoni mwa miaka ya 80. Mwaka 1989 kule Brisbane, Australia, mama Mjapani alimpa mwanawe kipande na mtoto akaishi. India walifanya upandikizaji wao wa kwanza wa mtoto uliofanikiwa Delhi, mwaka 1998. Mtoto alikuwa na miezi 20, ugonjwa ni huuhuu, mtoaji alikuwa baba yake. Yule mtoto leo ni daktari. Duniani kote, ugonjwa unaoongoza kuwapeleka watoto kwenye upandikizaji wa ini ni huu. Katika vituo vyenye uzoefu, zaidi ya watoto 9 kati ya 10 wanakuwa hai mwaka mmoja baadaye. Si wote, mwanangu, na sitakuficha. Ila asiyepandikizwa, na ambaye ule upasuaji mwingine umempita, wengi wao hawafiki miaka miwili.

Nije kwa mumeo.

Katika barua nzima mnagombania ini la mtu ambaye bado hamjui kama linafaa. Umeniambia kundi lake la damu tu. Kundi la damu ni mlango wa kwanza, nyuma yake ipo milango mingine mingi. Dereva wa masafa marefu, anakaa kwenye kiti siku kumi, anakula chipsi na nyama ya kuchoma usiku wa manane pale Makambako: nikuulize, ana kitambi? Ini lenye mafuta mengi hawalikati. Ana kisukari asichokijua? Amewahi kupimwa homa ya ini aina ya B? Ni virusi vilivyojaa huku kwetu, na mtu anaweza kuishi navyo miaka bila kuumwa hata siku moja. Kimoja tu kikionekana, ugomvi wa Korogwe umekwisha wenyewe, hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Na akionekana ana mafuta kidogo, wapo watoaji wanaoambiwa wapunguze uzito miezi miwili mitatu kisha warudi, ila kwa mtoto wenu miezi miwili ni mingi, ndiyo maana anatakiwa kupima sasa. Vipimo hivyo vya mwanzo vinafanyika hapahapa nchini: damu, virusi, sukari, picha ya ini. Havihitaji pasi ya kusafiria wala ruhusa ya mama.

Kwa hiyo ukimpata kwenye simu, usimwambie habari ya India. Mwambie neno moja: "Ukirudi, tupime." Mtu anaweza kukubali kupima bila kuwa amekubali kukatwa.

Kumlazimisha usijaribu. Hata ungeweza, hospitali yenye kufuata taratibu haitampokea mtu aliyeburutwa. Kabla ya kupasuliwa, mtoaji huonana na wataalamu peke yake, mke hayupo, mama hayupo, ndugu wa michango hawapo. Anaulizwa kama anataka kweli. Daktari wangu akaniambia jambo ambalo mimi sikulijua, na naona ndilo mumeo anatakiwa kulisikia kuliko yote: akisema mle ndani kwamba hataki, siri hiyo haitoki. Familia inaambiwa tu kwamba hafai kuwa mtoaji. Basi. Hakuna anayerudi nyumbani akiitwa baba aliyemnyima mwanawe.

Fikiria alivyo sasa. Alisema "chukueni langu" mbele ya daktari na mbele yako, neno likawa limetoka. Akarudi Korogwe akakuta neno la pili, la mama. Akisema ndiyo anamvunja mama, akisema hapana anamuua mwana, sasa anatafuta mahali mtandao unakatika. Mimi sidhani kama anamwogopa mama yake kiasi hicho. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu anayevuka mipaka na kontena mgongoni hamwogopi mama. Anaogopa kisu, na maneno ya mama yamempa mahali pa kujificha. Sasa kisu chenyewe apewe kwa hesabu zake, si kwa hadithi. Mtoto wa kilo sita hahitaji nusu ya ini la mtu mzima. Wanachukua kile kisehemu cha kushoto, yapata robo au pungufu, gramu 200 na kitu, na ini lake lililobaki hukua kufidia ndani ya miezi michache. Hospitali atalala kama wiki. Hatari ipo: kuvuja kwa nyongo, maambukizi, na kwa kipande cha kushoto kifo hutajwa kuwa kama cha mtoaji mmoja kati ya 1,000. Mpe na hiyo. Mtu anayefichwa hatari huiotea kubwa zaidi. Na mwambie ukweli kuhusu kazi: miezi mitatu hivi hatanyanyua mizigo wala kufunga turubai, na tajiri wa roli hatamsubiri kwa mapenzi. Hilo lipangieni bajeti kama mnavyopangia nauli. Huenda ndilo linalomnyima usingizi, na hakuna aliyemuuliza.

Mdogo wako. Huyu amenigusa. Lakini anakula kwako, analala kwako, na nadhani ada yake inapita mikononi mwako. Anaposema "nitatoa mimi", wewe una hakika gani kuwa angeweza kusema "sitatoa"? Simtilii shaka moyo wake, nauliza tu mahali alipokaa. Kisha kuna sheria. Sheria ya India ya upandikizaji inataja ndugu wa karibu wa mgonjwa: mzazi, mtoto, kaka na dada, mume au mke, babu na bibi, wajukuu. Mama mdogo hayumo. Kwa kuwa nyie ni wageni kule, hata mumeo atapita kwenye kamati ya idhini, lakini kwa asiye kwenye orodha hiyo kamati itachimba zaidi: uhusiano wenu, vyeti, picha za familia, barua za ubalozi, ili wajue hakuna anayeuza wala kununuliwa. Si kwamba haiwezekani. Inachukua muda ambao mtoto wenu hana. Kwa hiyo mweke wa pili, na umwambie wazi kwamba wa pili si deni. Kwa upande wa uzazi, mwanamke aliyetoa kipande anaweza kuzaa baadaye, ila hushauriwa asubiri kama mwaka.

Ila mna kazi yake nyingine ambayo hakuna atakayeiweza kuliko yeye. Mumeo akiwa kitanda kile na mtoto kwenye chumba cha uangalizi maalumu kitanda hiki, ghorofa tofauti, wewe utakuwa wapi? Nani atapika uji, atasimama foleni ya dawa, atatafsiri Kiingereza cha muuguzi wa zamu ya usiku? Mtoto hukaa hospitali wiki tatu au zaidi, na kisha hawawaruhusu kurudi nyumbani mpaka miezi miwili au mitatu ipite karibu na hospitali. Mpeleke mdogo wako kwa kazi hiyo.

Na wewe mwenyewe usijifute kwenye daftari. Umeandika "mimi A" ukapita. Kwa mtu mzima kundi lisilolingana ni kikwazo kikubwa, lakini kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja kinga yake ya kupambana na kundi la damu la mwingine haijakomaa, na vipo vituo vinavyopandikiza hata makundi yasipolingana. Si vyote, na maandalizi yake yana gharama zake. Uliza swali hilo kwa maandishi kwenye kila hospitali mtakayoiandikia, na utaje umri wa mtoto. Jibu linategemea siku ya kuzaliwa kwake.

Kwa mama mkwe, usimjibu wewe. Kila neno lako litakuwa la mkwe aliyeleta mtoto mgonjwa. Mtafute mtu wa upande wao ambaye akizungumza yeye hunyamaza, shangazi wa mumeo au kaka yake mkubwa, aende naye kwa sheikh wao. Hoja ya amana ni hoja nzito, haikudharauliwa na wanazuoni, na ndiyo maana Baraza la Fiqhi la nchi za Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1988 liliijadili na kuruhusu mtu aliye hai kumpa mwenzake sehemu ya mwili wake kwa masharti: isimdhuru mtoaji kiasi cha kuharibu uhai wake, atoe kwa hiari, na isiuzwe. Ini linalokua tena halimwachii mwenye nalo pengo la kudumu. Hayo akiyasikia kutoka kwa sheikh anayemsalisha Ijumaa yatakuwa na uzito mwingine. Na kama utani unaruhusiwa, mkumbusheni kwamba kisheria bibi naye yumo kwenye orodha ya ndugu wa karibu. Umri ndio utakaomnusuru, wengi hawapokei mtoaji aliyevuka miaka 50 au 55.

Kiwanja. Usiuze leo. Usiuze mpaka mtoaji apite vipimo vya mwanzo na hospitali iwape makadirio ya maandishi yanayoonyesha nini kimo na nini hakimo: upasuaji wa mtoaji umo? Siku ngapi za uangalizi maalumu? Mtoto akirudishwa mezani mara ya pili, nani analipa? Nimeona familia imeuza shamba, imefika huko, mtoaji akakutwa na homa ya ini, wakarudi hawana shamba wala ini. Wakati huohuo rudini kwa madaktari wenu wa Dar muulize habari ya rufaa ya nje ya nchi kupitia wizara. Huenda msipate, lakini barua ya rufaa yenyewe hufungua milango ya visa na ya wachangiaji. Michango anzeni, ifunguliwe akaunti ya jina la mtoto yenye sahihi mbili, moja ya upande wao. Mama mkwe akiona mwanawe mwingine anashika kitabu cha hesabu, maneno ya "wanatula" yatapungua. Na msipige hesabu ya upasuaji peke yake. Kuna dawa ya kuzuia mwili usilikatae ini, takrolimasi, ambayo mtoto atakunywa maisha yake yote, asubuhi na jioni kwa saa ileile, pamoja na kupimwa damu kujua kiwango chake. Waliopandikizwa figo hapa nchini wanaitumia hiyohiyo, kwa hiyo Dar inapatikana. Muulize mfamasia bei ya mwezi kabla hamjaondoka. Na akishaanza kuinywa, balungi lisiingie nyumbani kwenu, linaivuruga dawa hiyo mwilini.

Yote hayo yakizunguka, kazi yako ni moja, nayo ni kilo. Daktari alinirudia hili mara tatu. Mtoto anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na nyama mwilini anastahimili mengi kuliko aliyekauka. Bila nyongo, mafuta ya kawaida hayasagiki tumboni mwake, yanapita tu, ndiyo maana unamlisha na hanenepi. Yapo maziwa maalumu yenye mafuta mepesi yasiyohitaji nyongo. Kwa kuwa ni ghali na adimu, mtaalamu wa lishe anaweza kukupimia mafuta ya nazi uyatie kwenye uji, kwa sababu sehemu ya mafuta yake ni ya aina hiyo. Akupimie yeye, usikadirie kwa kijiko cha nyumbani. Maziwa yako endelea. Kidogo kidogo, mara nyingi, hata usiku. Akishindwa kabisa, wakisema wampitishie mpira puani usiogope, si dalili ya mwisho. Vitamini A, D, E na K apewe za hospitali, hasa K, maana bila hiyo damu haigandi. Chanjo zake zote zikamilishwe, na uwaambie kliniki kwamba anasubiri ini, kwa sababu chanjo zenye virusi hai kama surua kwa kawaida hapewi akishapandikizwa, na kuna utaratibu wa kuiwahisha. Dawa za mizizi, hata ziletwe na nani kutoka Handeni, zisipite kinywani mwake. Ini hilo halina nguvu ya kuchuja kitu kigeni.

Akitapika damu, akitoa choo cheusi kama lami, akipata homa, tumbo likijaa ghafla au akilala usingizi usio wa kawaida, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane usiku na nauli ni ya kukopa.

Kujikuna kunatokana na nyongo iliyoingia kwenye damu. Kuna dawa za kumpunguzia, omba kliniki, wengi hawazitoi mpaka mama aseme. Mkate kucha kila baada ya siku mbili, muogeshe maji ya uvuguvugu na si ya moto, umpake mafuta akiwa bado na unyevu. Soksi ziwe za pamba.

Hilo ulilolisema mwisho, la usiku, nimelisikia kwa wanawake wengi waliouguza, na wengine sasa ni bibi wenye wajukuu. Umechoka. Unamwamsha mtoto kila saa mbili umlishe, unashona mchana, na mwenzako yuko Tunduma. Mdogo wako ashike zamu ya usiku mbili kwa wiki, wewe ulale chumba kingine, mlango ukiwa umefungwa. Ukiona mawazo hayo yanakuja hata mchana, mwambie daktari wa mtoto, usingoje akuulize.

Mumeo akirudi safari hii, mpikie, ale, apumzike siku moja. Siku ya pili muende wote watatu kupima, yeye, wewe na mdogo wako, ili asione kama amepangiwa peke yake. Niandikie picha ya ini lake ikitoka, tuone kama chipsi za Makambako zimetusaliti.